Plaji ya Goma: maji safi, ila dimanshi batu banazidi
Nyota tatu. Maji ya ziwa Kivu iko safi, kayaki bado mupya, na sambaza (bale samaki badogo ba ziwa) banakaanga vizuri sana, inakuja ya moto na ndimu pembeni. Shida ni dimanshi, batu banajaa alafu kwenye ile jiwe ya volkano ya kurukia mu maji kuko bavijana ba kartie banajiona benye plaji, ukiwa mugeni utangoja mupaka jua izame. Kwa baserfa (bale banapanda mawimbi na ubao) kule baharini kuko kanuni, mwenye iko karibu na kwenye wimbi inavunjikia ndiye wa kwanza, bengine bangoje. Huku hata mustari hakuna, na sasa na hizi simu kila mutu anarudilia kuruka mupaka video itoke muzuri (kuko mwenye alichana nywele kwanza!). Mwenye plaji aweke mutu wa kusimamia pale. Mukuje mercredi asubui.