Uzito mmoja, wapokeaji wanne: msimu wa korosho na RabbitMQ

Natunza mifumo ya kompyuta kwenye ghala la korosho hapa Mtwara. Gari likishusha mzigo wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kutoka Nanyamba au Tandahimba, uzito ule mmoja wa mzani unasubiriwa sehemu nne: stoo, uhasibu, kwa karani wa stakabadhi, na kwenye programu inayompelekea katibu wa AMCOS meseji.

Zamani programu ya mzani iliwaendea mmoja baada ya mwingine. Laini ya meseji ikilala, mzani nao unalala, na magari yanajipanga mpaka barabarani. Karani akichoka kusubiri anabonyeza tena, na stoo na uhasibu waliokwisha pokea wanapokea mara ya pili. Katibu mmoja, mtu mzima, alikuja mezani kwangu na karatasi mbili za mzigo mmoja. Nikamwamkia. "Marahaba. Mwanangu, korosho zangu ni zipi hapa?" Sikuwa na jibu, na iliniuma, maana nyuma yake kuna wakulima waliopalilia na kupulizia salfa wakisubiri fedha hizo.

Msimu uliofuata tukaweka RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe kutoka programu moja na kuufikisha kwa nyingine. Ni ya bure, chanzo huria, na tumeifunga kwenye seva yetu wenyewe ghalani. Mzani unatuma ujumbe mara moja tu kwenye eksichenji, sehemu ya RabbitMQ inayogawa ujumbe kwenye foleni. Ikiwa ni ya aina ya fanauti, haiangalii anwani: inaweka nakala kwenye kila foleni iliyounganishwa nayo. Kila mpokeaji anachota kwenye foleni yake kwa mwendo wake, kisha anathibitisha. Asipothibitisha, ujumbe haufutwi. Siku laini ya meseji ilipokatika asubuhi hadi alasiri, foleni yake ilijaa na nyingine tatu zikaendelea kama kawaida. Iliporudi, makatibu wakapata meseji zao zote. Kwa hilo peke yake ningeichagua tena.

Ila sikilizeni hili, maana lilinigharimu usiku mzima. Nikipanga upya foleni, niliitenganisha ya uhasibu na eksichenji, nikasahau kuiunganisha tena. Stoo ikapokea, stakabadhi zikatoka, uhasibu kimya. Hakuna kosa lililoonekana popote. Ipo eksichenji mbadala ya kudaka ujumbe uliokosa njia, na nilikuwa nimeiweka, lakini hiyo inadaka ujumbe uliokosa foleni zote. Uliokosa mpokeaji mmoja kati ya wanne, kwa RabbitMQ umefika salama. RabbitMQ haijui kwamba uhasibu ulipaswa kuwepo, unajua wewe. Tangu siku hiyo kila jioni tunalinganisha idadi ya mizigo iliyopimwa na idadi iliyoandikwa kwa kila mpokeaji, kabla mtu hajaenda nyumbani.

Ili ujumbe usipotee umeme ukikatika na seva kuzima, foleni iwe imetangazwa ya kudumu na ujumbe wenyewe uwekwe alama ya kuhifadhiwa. Moja bila nyingine haitoshi.

Na marudio hayajaisha kabisa. Mpokeaji akichota, akaandika, kisha akazima kabla ya kuthibitisha, ataletewa ujumbe uleule. Kwa hiyo kila mzigo uliopimwa una namba yake, na uhasibu unaitafuta namba hiyo kwanza kabla ya kuandika chochote. Kazi hii ni ya programu zenu, msiitegemee RabbitMQ.

Meneja naye aelezwe mapema kwamba stoo na uhasibu hawatalingana kila sekunde. Wangu alishtuka wiki ya kwanza.

Msimu huu chama kikuu cha ushirika kimeomba nacho kipate uzito moja kwa moja. Nimeunganisha foleni ya tano kwa chini ya saa moja, programu ya mzani sikuigusa. Foleni mpya hupokea kuanzia pale ilipounganishwa tu, kwa hiyo mizigo ya Oktoba nimeitoa stoo na kuwapelekea kwenye faili.