Uzoefu wangu na The Bling Ring iliyotafsiriwa: mtafsiri kaniharibia, na muvi yenyewe sa hivi sijui niiweke wapi

Jamani naomba niseme maana hili jambo limenikaa kooni. Kama kuna mtu anataka kuangalia The Bling Ring, ile muvi ya 2013 aliyoiongoza Sofia Coppola, ya wale watoto wa kishua wa Los Angeles waliokuwa wanaingia kwenye majumba ya mastaa na kusomba vitu, tafadhali sana usichukue ile iliyotafsiriwa. Na mimi si mtu wa kudharau muvi zilizotafsiriwa, nimekua nazo, mama yangu mkubwa hajui Kiingereza hata kidogo na anakusimulia muvi za Kikorea mwanzo mwisho kwa sababu ya hawa watafsiri, nawaheshimu kwa hilo. Lakini alichofanya huyu jamaa, simtaji, ni uharibifu.

Kwa ambaye hajui, haya mambo yalitokea kweli. Kuanzia mwishoni mwa 2008 mpaka 2009 huko, kikundi cha vijana wa pande za Calabasas, kitongoji cha matajiri karibu na Los Angeles, waliingia kwa Paris Hilton, kwa Lindsay Lohan, kwa Orlando Bloom, kwa Rachel Bilson, kwa Audrina Patridge, wakaondoka na vitu vinavyokadiriwa kufika dola milioni 3. Na si kwamba walikuwa majambazi wa kutisha. Walikuwa wanasoma udaku mtandaoni, wakiona staa fulani leo yuko kwenye shughuli mji mwingine basi wanatafuta anwani yake kwenye intaneti, wanaangalia nyumba ilivyokaa, usiku wanakwenda wanajaribu mlango mmoja mmoja mpaka wapate ulioachwa wazi. Kwa Paris Hilton walikuta ufunguo chini ya kizulia cha kufutia miguu. Wakaingia, wakachukua, wakaondoka, wakarudi tena, wakarudi tena, na mwenye nyumba hajashtuka kwa sababu vitu vyenyewe ni vingi mno. Wanavaa nguo zake wanakwenda nazo klabu, wanajipiga picha, wanaweka mitandaoni. Wanamwibia mtu wanayempenda. Hapo ndipo penye hadithi yote.

Sasa mtafsiri wetu hawezi kuishi bila steringi. Muvi lazima iwe na steringi na iwe na adui, basi akamshika Marc, kijana wa kiume kwenye kile kikundi, akamfanya steringi, kila Marc akitokea "steringi wetu huyo", na Rebecca, binti anayeongoza wizi, ndiye adui anayempotosha. Wakati muvi haina steringi! Hakuna hata mtu mmoja mle ndani wa kumshangilia, polisi wenyewe wanakuja mwishoni kabisa. Marc ni mtoto mpweke aliyehamia shule mpya akapata rafiki mmoja, huyo Rebecca, na yuko tayari kufanya chochote asimpoteze. Lakini anafurahia kuiba vilevile, viatu vya kike vya pinki vya Paris Hilton anavivaa chumbani kwake na kamera inamwona. Hiyo sini mtafsiri aliiruka, akaongea habari nyingine kabisa.

Haya yote ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni ile sini ya nyumba ya vioo.

Niwaeleze vizuri. Marc na Rebecca wanakwenda kwa Audrina Patridge, staa wa TV, usiku. Nyumba iko mlimani, karibu yote ni vioo, chini yake taa za mji wa Los Angeles zimetandaa. Kamera imewekwa mbali, nje, juu, haiingii ndani kabisa, na haikati, ni mkupuo mmoja mrefu. Wewe unaona taa ya chumba kimoja inawaka, watu wawili wadogo wanapita mbiombio, wanapanda juu, wanafungua makabati, wanashuka, taa nyingine inawaka, wanazima, na kamera inasogea taratibu mno mpaka hujui kama inasogea. Hakuna muziki. Muvi nzima imejaa muziki wa kelele halafu hapa kimya, unasikia usiku tu. Wewe mtazamaji umekaa pale kama jirani dirishani na huwezi kufanya kitu. Unaona jinsi ilivyo rahisi. Unaona kuwa nyumba ya staa ni kasha la vioo limewekwa juu ya mlima ili watu walione, na watu wameliona.

Mpiga picha Harris Savides alifariki 2012 kabla muvi haijatoka, kazi akaimalizia Christopher Blauvelt, na muvi imewekwa wakfu kwa kumbukumbu ya Savides. Ndiyo maana nakasirika zaidi, maana juu ya kimya hicho mtafsiri alifanya nini? Aliongea. Aliongea mwanzo mwisho. "Sasa wanaingia hapo, wanaingia, mwangalie steringi anavyohangaika, wazazi mpo wapi, dunia imekwisha, watoto wa siku hizi," halafu akaona bado sini haijaisha, akasalimia marafiki zake wa mtaani kwao, halafu haki ya Mungu tena akataja namba yake ya simu kwa anayetaka muvi mpya. Namba ya simu! Kuna wanaotengeneza muvi miaka wakaamua kwamba hapa tunyamaze, yeye kaona hiyo ni nafasi ya matangazo. Nilirudisha nyuma nikidhani labda sauti ya chini inasikika kidogo, wapi, aliizima yote.

Nikarudi laibrari nilikowekewa kwenye flashi. Nikamwambia yule kijana kwa upole kabisa, kaka hii naomba uniwekee ya Kiingereza, ambayo haijatafsiriwa, nitalipa tena. Hakuniangalia hata usoni, anachezea simu, akasema, "Dada, hiyo ya Kiingereza utaielewa?" Mbele ya watu. Wawili wakacheka. Nikasema niwekee tu kaka. Akasema muvi yenyewe hiyo haina kitu, ni mademu wanajaribu nguo tu, angeniwekea nyingine ya majambazi wa kweli yenye mapigano. Nilitetemeka kwa hasira. Mimi mteja wake wa siku zote, nimelipa hela yangu, nafundishwa cha kuangalia na mtu ambaye hajaiangalia! Aliniwekea hatimaye, kwa kunitupia flashi juu ya meza utadhani nimeokota. Huduma mbovu, na mwenye laibrari alikuwa amekaa palepale kwenye kiti hakusema neno.

Nikaiangalia ya Kiingereza. Na hapo ndipo nikajua nimeibiwa kiasi gani.

Kuna sini ya Rebecca akiwa na polisi. Keshakamatwa, mambo yamemwishia, polisi anamwambia wameshaongea na walioibiwa. Kwenye ile ya kutafsiriwa Rebecca analia anasema nisamehe afande, shetani alinipitia, sitarudia. Mimi nikamwonea huruma kabisa, nikasema angalau mtoto kajuta. Kwenye ya Kiingereza hakuna kitu kama hicho. Rebecca anauliza Lindsay alisema nini. Basi. Anaelekea jela na anachotaka kujua ni kama Lindsay Lohan ameongea chochote juu yake, kama jina lake limefika masikioni kwa Lindsay. Nilisimamisha muvi nikakaa. Hilo swali moja ndilo muvi nzima, na jamaa kalifuta akaweka shetani! Kampa yule binti majuto ambayo hana, ili sisi tulale vizuri.

Na yule mama wa akina Nicki, binti mwingine wa kile kikundi, anayewafundisha mabinti nyumbani kwa dini yake ya kuvuta mafanikio kwa mawazo, somo la siku ni Angelina Jolie, kabandika picha zake kwenye ubao, asubuhi anawaita watoto kumeza vidonge vyao na sauti ya uchangamfu kabisa kama anawaita chai. Mtafsiri akasema ni mama mlokole. Hapana! Huyo mama haombi Mungu wa mtu yeyote, anaomba umaarufu. Emma Watson amecheza Nicki mpaka unasahau kama umewahi kumwona kwenye muvi nyingine, ile sauti ya kuvuta, lile jicho la kutafuta kamera ilipo.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kuandika kwamba muvi ni kali, mtafsiri hovyo, nyota nne kwa muvi, tumalizane. Ila kadiri ninavyoandika nazidi kuiwazia muvi yenyewe na hasira inahamia huko.

Maana angalia. Nyumba ya Paris Hilton mnayoiona ni nyumba yake kweli, aliwafungulia mlango wakapigie picha humo, mito ya kochi ina sura yake, ile stoo ya viatu, kile chumba cha kuchezea muziki chenye nguzo, na mwenyewe kaonekana kidogo kwenye sini ya klabu. Mwanamke aliyeibiwa kwa sababu kila mtu alitaka kuona ndani kwake, anatuonyesha ndani kwake. Na polisi mmoja wa LAPD, yaani polisi wa jiji la Los Angeles, aliyepeleleza kesi hiyo ya kweli alilipwa kuwa mshauri wa muvi, na yeye akaonekana mle, wakati kesi za baadhi ya vijana bado ziko mahakamani, mpaka ikawa kasheshe. Polisi! Sasa nani kwenye hili jambo hakutaka kuuza sura? Mwandishi Nancy Jo Sales aliandika habari yao kwenye jarida la Vanity Fair 2010, ikaja muvi, kila mtu kapata chake, na hao vijana majina yao yamekuwa makubwa kuliko walivyowahi kuota. Walichokuwa wanakitafuta kwa kuiba, wakapewa bure na watu wazima.

Na Sofia Coppola mwenyewe ni mtoto wa Francis Ford Coppola, mwongozaji mkubwa wa muvi, umaarufu kaukuta nyumbani mezani. Je ile kamera ya mbali, juu mlimani, ni ya mtu anayewaelewa hawa watoto, au ya mtu anayewaangalia kutoka nyumba ya pili ya vioo? Nimejiuliza sana. Kuna wakati nahisi ni heshima, hataki kutuambia tuwaze nini. Kuna wakati nahisi hajali. Katikati kule wanaingia wanaiba wanacheza muziki, wanaingia wanaiba wanacheza muziki, na vile vitu vimepigwa picha vizuri hivyo, mikufu, saa, viatu vimepangwa safu kwa safu, mpaka na mimi nikavitamani. Nimevitamani kweli. Hiyo ni kazi nzuri au ni tangazo la biashara? Mwenye jibu anijibu.

Halafu mwisho. Nicki katoka jela, jela aliyokaa pamoja na Lindsay Lohan huyohuyo waliyemwibia, anahojiwa kwenye TV, anasimulia kwa raha, halafu anageuka anaangalia kamera moja kwa moja anataja saiti yake, yenye jina lake na neno milele, mkamfuatilie. Muvi inaishia hapo. Mara ya kwanza nilitukana. Namna gani unampa huyu neno la mwisho? Baadaye nikasema hapana, ndivyo ilivyo, ndivyo walivyoishia, angeweka mwisho mwingine angekuwa kama mtafsiri na shetani wake. Lakini bado inaniuma, sitaki kudanganya.

Na mnajua kwenye ile ya kutafsiriwa Nicki anapogeuka kutaja saiti yake hamsikii? Mtafsiri kamfunika. Anataja namba yake ya simu kwa mara nyingine tena, na mtandao gani umtumie hela.

Nyota nilizotaka kutoa nne nimezishusha tatu, na kesho zinaweza kurudi nne, kwa sababu ya ile nyumba ya vioo na swali la Rebecca tu. Iangalieni ya Kiingereza hata kama Kiingereza ni cha kuungaunga, mle hakuna maneno mengi. Mtafsiri sifuri. Laibrari ile sifuri, na hela yangu ya mara ya kwanza nimeidai na sijarudishiwa mpaka leo.