SQLite kwa programu ya mauzo ya duka

Kwa duka la Kariakoo lenye kompyuta moja, hifadhidata ya SQLite (programu ya kutunza data) inatosha kabisa: ni ya bure, na kwa kawaida data yote hukaa kwenye faili moja. Wanaolalamika kuwa ni nzito, mara nyingi wanaingiza bidhaa 5,000 bila BEGIN na COMMIT (amri za kuanza na kukamilisha muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja), hivyo kila INSERT (amri ya kuongeza rekodi) inasubiri diski ithibitishe. Zifunge pamoja kwenye muamala mmoja, kazi ya dakika iishe kwa sekunde. Umeme ukikatika katikati, muamala ambao haujakamilika unafutwa wenyewe. Washa pia WAL kwa amri ya PRAGMA journal_mode=WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, la -wal), ripoti isomeke huku keshia anauza. Ila ukinakili faili la .db peke yake kwenye flashi, mauzo ya karibuni yanaweza kubaki kwenye faili la -wal. Tumia amri ya VACUUM INTO, inayotoa nakala kamili. Kompyuta tatu zinaandika kupitia mtandao? Hamia PostgreSQL, hifadhidata ya seva inayohudumia kompyuta nyingi.