Mafundi wa Mtwara, zinki haipakwi rangi!

Nani aliwadanganya kuwa zinki ya mashine ya boti, kile kipande kinachofungwa kuilinda isiliwe na chumvi, nayo inapakwa rangi? Nauliza kwa hasira, na nina haki.

Mashine yangu ni Yamaha ya zamani, ile ya kuchanganya petroli na oili, niliyorithi kwa marehemu baba. Niliipeleka karakana moja hapa mjini kabla kusi halijaanza. Nikasema wazi: toeni chumvi ndani, pigeni rangi mguu unaozama majini, fungeni zinki mpya. Nusu ya hela nikatoa palepale, nusu tukakubaliana baada ya kuijaribu baharini.

Ikarudi inang'aa. Kwenye maegesho ya Msangamkuu watu waliniuliza nimenunua lini.

Kusi lilipokolea, siku moja naipandisha kuiosha, nikaona rangi ya mguuni imevimba malengelenge. Nikakwaruza kwa ukucha, ikabanduka. Chini yake alumini imegeuka ungaunga mweupe, ina vishimo. Zinki je? Nzima! Kona zake kali vilevile, imelala salama chini ya rangi ya bluu. Jamani, zinki imewekwa pale iliwe. Maji ya chumvi yanaanza na chuma kilicho dhaifu, alumini inapona. Ukiifunika kwa rangi, bahari inahamia kwenye alumini. Na wasiseme siisuuzi: kila nikirudi naiwasha kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi mpaka njia zote zisafike.

Nikaenda. Fundi yuko na sahani yake ya wali, hata macho hakuinua. "Mjomba, bahari haina fundi. Nunua mpya." Vijana wake wakaangua kicheko. Mpya! Kama vile nimekwenda kuuliza bei.

Haki yake lakini nimpe. Zile bolti za stenlesi zilizokuwa zimegandana na alumini miaka na miaka, wengine waliishia kutaka kuzikata. Yeye alizipasha moto, akazigonga polepole, zikatoka zote bila kuvunjika, akazirudisha na grisi kwenye nyuzi. Njia za maji alizizibua chumvi iliyokuwa ngumu kama jiwe, akabadilisha mpira wa pampu. Maji ya kupoza yaliyokuwa yanadondoka sasa yanaruka kwa nguvu. Mkono kama ule sijauona kwingine, nasema kweli. Kwa hiyo nendeni.

Au msiende. Kile kicheko bado kinanichoma.

Basi ukienda, zinki nunua mwenyewe, ishike mkononi, aifunge ukiwa umesimama pale, chuma kitupu kwa chuma kitupu. Mimi nusu yangu iliyobaki haioni mpaka aikwangue rangi ile kwa msasa, yeye mwenyewe, si vijana wake. Na wali aumalize kwanza.