Ushauri wa Mhandisi Kuhusu Ufa wa Nyumba Yetu, Isamilo, Mwanza

Nyumba yetu ipo kwenye mteremko wa majabali, na baada ya mvua za masika ufa wa mshazari ulianzia kwenye pembe ya dirisha la sebuleni ukapanda hadi kwenye lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya madirisha. Mafundi wawili walitaka kuuziba na kupiga plasta upya, lakini mhandisi wa majengo niliyemlipa kwa ushauri alikataa usiguswe kabla ya kujua kama bado unatanuka. Alichora alama za penseli pande zote mbili, akaandika tarehe, akatuagiza tupime upana wake kila wiki.

Kisha alichimbisha shimo kando ya msingi, na hapo ndipo fedha yangu ilipopata thamani: upande mmoja umekaa juu ya mwamba na mwingine juu ya kifusi, kwa hiyo maji ya paa yanapokilowanisha kifusi, upande huo hutitia huku ule wa mwamba ukibaki palepale. Agizo lake la kwanza halikuwa nondo wala zege, bali mfereji wa kuyapeleka maji mbali na msingi, pamoja na matundu ya kutolea maji kwenye ukuta unaozuia udongo nyuma ya nyumba, ambao fundi wetu aliujenga, kwa kujiamini kweli, bila tundu hata moja.

Lawama yangu ni kwamba ripoti ilichelewa wiki tatu, na michoro yake haikuwa na vipimo ambavyo fundi wa kawaida angeweza kuvifuata bila kupiga simu.