Kisu cha kukunja kwenye nchi ya mbogo: kipi ununue kwanza

Kisu cha kukunja hakimzuii mbogo. Dume mzima huweza kufikisha kilo 800, hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na bapa la sentimita 9 halifiki popote katika shingo yake. Muuzaji akikusifia kisu kikubwa kwa hoja ya kujikinga na wanyama, anakuuzia uzito. Ukitembea kwa miguu katika hifadhi za Uganda kama Ziwa Mburo au Kidepo, ulinzi wako ni renja mwenye bunduki, umbali, upepo unaokupiga usoni badala ya mgongoni, na kutokatiza vichaka vizito, maana humo ndimo madume wazee waliojitenga na kundi hupenda kulala.

Kisu ni cha kazi: kamba ya hema, bandeji, suruali ya aliyeumia mguu, mpira wa tyubu uliofungia mzigo, nanasi. Mbogo wanabadilisha ununuzi kwa jambo moja tu. Porini mwao mkono mmoja mara nyingi una shughuli nyingine, umeshika tawi, mkono wa mwenzako au mkanda wa begi ulionaswa na miba ya mgunga. Kwa hiyo kisu kinachofunguka na kufungika kwa mkono mmoja kinapanda juu ya orodha, na kisichojifunga imara kikifunguliwa kinatoka kabisa. Hata kwa begi lililonaswa, fungua kwanza kibanio cha mkanda na uliache begi. Na usikimbie na kisu kilicho wazi mkononi: ukianguka juu yake umejiongezea jeraha kabla mbogo hajafika.

Vipimo vya kushika kichwani. Bapa la sentimita 8 hadi 9, unene wa milimita 2.5 hadi 3, uzito usiozidi gramu 150. Chini ya sentimita 7 hukati mkate mkubwa wala nanasi bila taabu. Zaidi ya 10 kinakuwa kizito mfukoni na kinaanza kuulizwa maswali getini mwa hifadhi.

1. Ontario RAT 1, chuma cha aina ya AUS-8. Bapa ni karibu sentimita 9, uzito gramu 140 hivi. Kuna kidude cha kusukumia kwa dole gumba pande zote mbili, na kifungio ni bamba jembamba la chuma ndani ya mpini linaloruka na kukaa nyuma ya bapa. Mpini ni mnene wa kutosha kwa mkono wenye jasho. Kipo pia cha chuma cha aina ya D2: kinakaa na makali muda mrefu zaidi, lakini kinashika kutu upesi kuliko AUS-8 na kukinoa porini ni kazi. Kwa unyevu wa hifadhi ya Queen Elizabeth au kando ya Nile kule hifadhi ya Murchison, chukua AUS-8.

Aina hii ya kifungio ndiyo inayohitaji macho yako dukani. Fungua kisu, utazame bamba linavyogusa kisigino cha bapa, yaani mwisho wake ulio karibu na bawaba. Linapaswa kufunika kati ya robo na nusu ya unene wake. Likigusa ukingoni tu, litateleza ukikandamiza. Likiwa limevuka hadi upande wa pili, limekwisha kuchakaa au limetengenezwa vibaya. Kisha shika mpini na kujaribu kulitikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza, kaza skrubu ya bawaba robo mzunguko. Likiendelea kucheza, rudisha. Mwisho, ukiwa umetoa vidole vyote kwenye njia ya bapa, gonga mgongo wake taratibu juu ya ubao mara tatu nne. Kisu kinachojikunja hapo kitajikunja juu ya vidole vyako.

2. Victorinox Forester. Mpini wa milimita 111, bapa lenye kifungio, na msumeno wa mbao unaokata tawi la unene wa kifundo cha mkono bila jasho jingi. Kwa anayepiga kambi siku kadhaa hiki kinaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza, maana msumeno unaokoa kazi ambayo watu huilazimisha kwenye bapa hadi likavunjika ncha. Kinashuka kwa sababu bapa la toleo la kawaida linavutwa kwa ukucha, yaani mikono miwili. Chuma chake ni laini kiasi, kinapoteza makali mapema, ila dakika tano za kinoo zinayarudisha. Usikichanganye na vile visu vidogo vyekundu vya kampuni hiyohiyo: bapa lao halijifungi.

3. Opinel namba 8, bapa lisiloshika kutu. Sentimita 8.5, gramu zisizofika 50, na ndicho kinachokata chakula vizuri kuliko vyote hapa kwa sababu bapa lake ni jembamba. Pete ya chuma shingoni, iliyoanza kutumika mwaka 1955, inazungushwa ili kulikaza bapa. Udhaifu wake ni mpini wa mbao. Mvua ikiushika, mti unavimba na bapa linagoma kutoka. Gonga kitako cha mpini juu ya jiwe au meza, ncha itachomoza uishike. Mafuta kidogo ya kitani kwenye mti kabla ya safari hupunguza tatizo. Usikitumie kukwanyua chochote.

4. Buck 110. Imara, kifungio cha mgongoni, bapa la sentimita 9.5. Lakini shaba ya mpini inakifikisha karibu gramu 200, na kukifungua kwa mkono mmoja kunataka mazoezi. Kinakaa kwenye ala mkandani.

5. Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, siku hizi hutoka Afrika Kusini. Bei ni nafuu, makali ni mazuri, lakini chuma chake kinashika kutu usiku mmoja kikiachwa na maji ya ndimu, na kukifunga lazima uvute pete kwa mkono wa pili. Ni kisu kizuri cha shambani.

Ukikuta jina kubwa kwa bei ya chakula cha mchana katika masoko ya Kampala, tazama kama aina ya chuma imeandikwa kwenye bapa, kama bapa likifungwa linakaa katikati ya mpini bila kukwaruza upande, na kama herufi zimenyooka. Kisha rudia majaribio ya kifungio. Bandia nyingi huangukia hapo.

Kinachoua visu hivi ni vumbi la murramu, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami. Linaingia kwenye bawaba, linachanganyika na utamu wa matunda, na kifungio hakikai sawasawa tena. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pitisha kijiti cha meno penye bamba, kausha, weka tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yananata baada ya siku chache na kukusanya vumbi zaidi. Kunoa: kinoo cha chembe 400 kisha 1000 (namba kubwa ni laini zaidi), pembe ya digrii 20. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, inua mgongo wake karibu milimita 7 kutoka kwenye jiwe.

Getini, kitaje kisu kabla hujaulizwa. Hifadhi za Uganda zina tatizo la mitego ya waya na ujangili, kwa hiyo panga au kisu kirefu kwenye gari humtia renja wasiwasi kwa haki. Mwonyeshe, mweleze ni cha kambi, na afande akisema kibaki kwenye gari, kibaki. Kama unaenda Kidepo kwa ndege kutoka Entebbe, kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa, kimefungwa na kuviringishwa kwa kitambaa. Kwenye begi la mkononi utakiacha kwa wakaguzi.