Vifaa vya meza ya pool nyumbani: kipi kianze, kipi kingoje

Meza yangu niliinunua kwa mwenye baa aliyekuwa anafunga biashara. Ilikuja na fimbo mbili zilizopinda, kitambaa chenye matundu ya sigara na mipira 14 badala ya 16. Siku hiyohiyo nikashuka Kariakoo kutafuta seti mpya, nikachagua kwa macho tu. Jioni mpira wa kwanza ukalazimisha kuingia shimoni, ukakwama kwenye mfereji wa chini. Tulishinda na bisibisi mpaka saa nne usiku.

Ndiyo maana kwangu namba moja ni mipira, na kabla ya kutoa hela toa rula. Mipira ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57. Ile ya Kiingereza, ya nyekundu na njano, ni karibu 51, na ya snooker ni 52.5. Meza za sarafu nazo zina ujanja wao: nyingi za Kiingereza hutumia mpira mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo, mdogo kuliko wenzake, takriban milimita 48, ili ukiingia shimoni meza iupambanue kwa udogo wake na kuurudisha. Ukiiwekea mweupe wa saizi ya wengine, ukitumbukia mara moja tu mchezo umeisha, mpaka uweke sarafu nyingine ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Seti za bei ya chini huwa za poliesta, na baada ya muda huchubuka na kufifia. Za resini ya fenoli, kama Aramith ya Ubelgiji, zinauma mfukoni lakini zinadumu miaka mingi. Ukiona ghali, kumbuka zamani mipira hii ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilipitia Unguja baada ya kubebwa na wapagazi kutoka bara.

Namba mbili ni fimbo. Nunua moja nzuri ya kwako. Za wageni ziwe za kawaida, maana watazigonga sakafuni hata ukiwakataza. Dukani usidanganywe na nakshi za mpini. Shika fimbo kama seremala anavyokagua ubao: jicho kwenye mpini, tazama hadi nchani. Kisha izungushe juu ya meza, ikirukaruka, irudishe. Ncha ya milimita 12 hadi 13 inafaa mipira mikubwa, ya 8 hadi 10 inafaa midogo. Urefu wa kawaida ni kama sentimita 145, kwa hiyo kati ya meza na ukuta panahitajika nafasi ya fimbo nzima na shubiri moja ya kuvuta mkono. Ukuta mmoja ukiwa karibu, ongeza fimbo fupi ya sentimita 122 kwa ajili ya upande huo. Ni nafuu kuliko kupiga plasta upya.

Kabla hujafikiria fimbo ya pili nzuri, chukua ncha za ngozi za akiba, gundi na msasa. Fimbo ghali yenye ncha iliyokakamaa kama soli ya kiatu itakuteleza tu. Na sisi wa pwani tusiiegemeze ukutani, maana kwa unyevu huu itapinda taratibu bila wewe kujua. Itundike, au ilaze mahali tambarare.

Brashi na kifuniko ni namba tatu, na watu huviruka kwa sababu havipendezi kuonyesha wageni. Vumbi ndilo linalokula kitambaa. Kama kina manyoya, piga brashi kuelekea upande mmoja tu, kuanzia upande wa kuvunjia, yaani unakopigia pigo la kwanza, kwenda upande wa pili. Kifuniko si lazima kiwe cha duka la michezo. Shuka nzito inatosha, mradi jua na paka wasifike.

Chaki ni namba nne kwa kuwa ni rahisi, lakini ile ya darasani haifai kabisa. Chaki ya fimbo ina chembe za silika zinazokwaruza ili ngozi ishike mpira. Ya mwalimu ni unga laini. Chagua rangi inayokaribiana na kitambaa.

Glovu nilikuwa naicheka. Kisha ukaja mwezi wa tatu, Dar ikachemka, fimbo ikawa inanata kati ya vidole, na poda niliyopaka ikaacha madoa meupe kitambaa kizima. Namba tano, bila aibu.

Taa ije baadaye: ndefu, ya kulala juu ya meza yote, kwa sababu balbu moja ya katikati huacha kona gizani. Pembetatu ya kupangia iwe ya saizi ya mipira yako, la sivyo mipira inaachana na pigo la kwanza linafia hapohapo. Mashine za kusafishia mipira waachie wenye klabu; kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha.

Halafu beba mweupe wa akiba, wa saizi ileile. Wangu wa kwanza uliruka meza siku ya Iddi, ukatoka mlangoni ukaingia mtaroni, na mtaro wa Tabata haurudishi kitu.